Printa Iliyoitwa Ouma

Tarehe mbili mwezi wa sita mwaka jana nilimpoteza mume wangu, na kabla hatujamaliza matanga nikapoteza pia kompyuta ya duka. Mume alienda kwa moyo. Kompyuta ilienda kwa stima iliyopotea kisha ikarudi na nguvu kupita kiasi. Nayataja pamoja kwa sababu ndivyo yalivyokuja, na kama yasingekuja pamoja nisingekuwa na kisa cha kukueleza. Ni kweli yote. Mimi niliishia darasa la nane na sijui kupamba maneno. Mahali ambapo sina hakika nitakuambia sina hakika. Mahali pengine pote, ujue niliona kwa macho haya.

Duka letu liko Manyatta, hapa Kisumu, chumba kimoja chenye mlango wa mabati unaotazama barabara. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti. Lakini kazi inayotulisha hasa ni programu za mazishi. Kama wewe si wa huku, nikueleze kidogo. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kuwe na kijitabu, picha yake kubwa mbele, maisha yake ndani, wake na watoto na wajukuu kwa majina, na picha nyingine nyuma akiwa kwenye harusi ya fulani. Kikikosekana, au kikitoka vibaya, familia itasemwa mpaka mtu mwingine afe. Watu huja Jumatano wakitaka kazi iwe tayari Alhamisi, kwa sababu mwili unatoka mochari Ijumaa. Ndiyo kazi yenyewe. Haina kesho.

Mume wangu jina lake lilikuwa Ouma, lakini mimi nilimwita Baba Achieng. Yeye ndiye alikuwa wa kompyuta. Mimi nilikuwa wa kukata, kukunja na kupiga pini. Alikuwa mtu mwema sana, ila alikuwa bahili wa wino. Mteja akilalamika kwamba picha haijakolea, yeye anamwambia, "Imekolea, bwana. Ni macho yako yamezoea simu." Na mteja anacheka, analipa, anaenda. Mimi nikisema maneno hayo hayo, mteja hacheki.

Baada ya mazishi nilinunua kompyuta nyingine, iliyotumika, nikamwita fundi aje aiunganishe na mashine yetu ya kuchapa. Fundi huyo anaitwa Njoroge. Wazazi wake walitoka kule mkoa wa Kati, yeye amekulia hapa mjini na ana kibanda cha vifaa vya kompyuta karibu na soko. Kijaluo chake kinashinda cha watoto wangu. Alikuwa rafiki wa mume wangu, walikuwa wakibishana juu ya mpira mpaka naondoka nawaacha.

"Mama, skiza," Njoroge akaniambia, amekaa kwenye kiti cha marehemu. "Mashine ni moja. Lakini hapa kwa kompyuta naiweka mara tatu, kila moja na jina yake na seting yake. Ukitaka kopi ya kawaida, nyeusi, pande mbili, unachagua hii. Ukitaka picha ya rangi kwa karatasi nzito, unachagua hii. Ukitaka programu, hii ya tatu inapanga kurasa yenyewe na rangi iko ndani. Wewe ni kukunja tu. Hutasumbuka kubadilisha badilisha."

Nilielewa. Ni kama mpishi mmoja mwenye majina matatu. Ukimwita kwa jina hili anasonga ugali, ukimwita kwa lile anakaanga samaki.

Ya kwanza aliiandika KAWAIDA. Ya pili RANGI. Kwenye ya tatu vidole vyake vikasimama.

"Hii ya programu tuiite Ouma," akasema. "Ndiyo kazi alipenda. Ndiyo asisahaulike."

Akaandika. Nikaliona jina la mume wangu limekaa pale kwenye kioo, herufi nne, kama mtu aliyefika kazini mapema. Ningekataa? Wewe ungekataa?

Sasa nikuambie jambo ambalo wajane wengine watalielewa. Tangu tumzike, mume wangu hakuwa amekuja kwangu hata ndotoni. Wenzangu wa kanisani wao husimulia. Huyu mumewe alikuja akauliza baiskeli yake iko na nani. Yule wake alilalamika ua la boma limelala upande mmoja. Mimi, hakuna kitu. Nalala, naamka. Nilikuwa nataka jambo moja tu, aje. Hata kama atakaa kimya. Kwa hiyo jina lile lilipokaa kwenye kompyuta, nikaanza kuliaga jioni nikifunga duka. "Tutaonana kesho, Baba Achieng." Sisemi ilikuwa akili. Nasema ndivyo nilivyofanya.

Shida ilianza na programu ya kwanza kabisa, ya nyanyake mwimbaji mmoja wa kwaya. Nikachagua OUMA, nikabonyeza, na bibi wa watu akatoka kama aliyepakwa unga. Hakuna rangi, hakuna nyeusi ya maana, sura imebaki kivuli. Nikampigia Njoroge. Akaja, akafungua ndani.

"Nani amebonyeza hapa? Imewekwa kuokoa wino. Na rangi imetolewa."

"Si mimi."

"Basi ni panya," akasema, akarekebisha. Tukajaribu karatasi moja, ikatoka vizuri kabisa. Akabeba mkoba wake akaenda. Kabla hajafika barabara kubwa nikachapa ya pili, unga. Nikamwita kwa simu. Akarudi. Akarekebisha. Akaenda. Unga. Akarudi. Niamini, tulirudia hivyo mpaka watoto wa jirani wakaanza kumhesabia. Alibadilisha wino, alibadilisha waya, aliifuta OUMA akaiweka upya. Picha ile ile tukiipitishia RANGI inatoka imekolea mpaka unaona jasho kwenye paji la uso. Tukiipitishia OUMA, unga. Mashine ni moja, wino ni mmoja, karatasi ni moja!

"Hii kitu inaniaibisha, mama," Njoroge akasema, na nikaona kweli imemuuma. "Tuifute kabisa. Tuweke nyingine na jina ingine."

Nikakataa. Kwa sababu wakati yeye anakuna kichwa, mimi moyo wangu ulikuwa umeruka. Kuokoa wino! Nani mwingine katika dunia hii ambaye angeokoa wino namna ile? Nilikasirika kama mke anavyokasirika, na nilifurahi. Njoroge alipoondoka nikasimama mbele ya mashine nikasema kwa sauti, "Baba Achieng, hata huko?" Nikacheka peke yangu, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

Basi nikaacha mambo yaende hivyo. Na yakaenda vibaya. Watu wana subira kwa mjane, lakini wakiwa na maiti mochari subira hiyo ni fupi. Ng'ambo ya barabara kuna duka lingine la kuchapa, na mmoja mmoja wateja wetu wakavuka. Nilikuwa nawaona wakivuka. Wengine walinipungia mkono wakivuka. Jioni namwambia mume wangu, tafadhali basi, kidogo tu, weka rangi kidogo, watoto watakula nini? Asubuhi, unga. Ulishawahi kugombana na mtu asiyejibu? Inachosha kuliko kugombana na mlevi.

Kisha akaja mzee wa Bondo. Mtu mrefu, sauti ya kuhubiri sokoni, ndugu yake alikuwa mwalimu na wanamzika Jumamosi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo, na nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hiyo nayo ikivuka barabara, nafunga mlango na kurudi nyumbani kuuza mboga. Nikamchapia nakala moja aione. Akaishika kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni programu, mzee."

"Huyu ni nani?"

"Ni mwalimu."

"Mwalimu alikuwa mweusi! Mweusi kama sufuria ya ugali, hata mama yetu alikuwa anamtania. Nyinyi mmemfanya mzungu. Nimpeleke Bondo hivi? Watoto wake waulize baba yao yuko wapi?" Akaiweka juu ya meza polepole. "Nataka ndugu yangu arudishiwe rangi yake. Kesho jioni. Ikishindikana, sema sasa, niende pale kwa wenzako."

Nikasema haitashindikana.

Alhamisi asubuhi nikampigia Njoroge. Akaniambia nifute OUMA mwenyewe, kisha yeye atakuja mchana aweke nyingine, safi, aiite PROGRAMU. Akanielekeza kwa simu nibonyeze wapi. Nikabonyeza. Kompyuta ikaniuliza, kwa Kiingereza, kama nina hakika kwamba nataka kumwondoa Ouma.

Swali gani hilo la kumuuliza mjane? Nilikaa na mkono juu ya kipanya mpaka Njoroge akaniita kwenye simu, "Mama? Mama, uko?" Nikabonyeza ndiyo. Jina likatoka. Palibaki mawili. Nikaweka kichwa juu ya meza nikalia kama siku ya kwanza, maana safari hii nilikuwa nimemtoa mimi mwenyewe.

Mchana wingu likapanda kutoka ziwani. Unajua mvua za Kisumu, zinakuja na upepo kwanza, mabati yanapiga kelele, kisha mchana unakuwa giza. Stima ikapotea. Nikavuta mlango wa mabati mpaka chini ili maji yasiingie, nikatia komeo, nikageuka kutafuta tochi ya simu.

Kulikuwa na mtu ameketi kwenye benchi la wateja.

Sikumwona akiingia. Sina hakika alikaa pale muda gani. Lakini mlango nilikuwa nimetoka kuufunga mimi, na duka halina mlango mwingine. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni, kalamu mfukoni. Msafi, kama karani wa zamani. Sijawahi kumwona.

"Karibu, mzee," nikasema, maana mdomo wa mfanyabiashara hutangulia akili. "Stima imepotea."

"Nimekuja kazini," akasema.

"Kazi gani, baba? Mimi sijaandika mtu."

"Umeniandika. Nimefanya kazi hapa miezi yote hii. Leo asubuhi umenifuta."

Nilishika meza. Nilimtazama uso, nikatazama mikono, masikio, nikatafuta mahali popote ambapo mume wangu angeweza kuwa. Hakuwepo. Hakuwepo hata kidogo.

"Wewe ni nani?"

"Ouma."

"Wewe si Ouma."

"Mama, mimi ni Ouma tangu mama yangu anizae. Nilikuwa natembeza mashine ya kuchapa kwenye ofisi moja hapa mjini, zile za kuzungusha kwa mkono, zamani. Mliandika jina langu nikaja. Hakuna mtu alikuwa ameniita tangu nife."

Utasema ningepiga kelele. Mimi pia ningesema hivyo. Lakini hofu ilikuja mara moja tu ikapita, na nyuma yake ikaja hasira, hasira ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi.

"Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unaharibu kazi yangu?"

"Kuharibu?" Akasimama. Akaenda kwenye mashine akaweka kiganja juu yake. Na mahali hapa nakuomba unisikilize vizuri. Stima haikuwepo. Mtaa wote ulikuwa giza. Mashine ikawasha taa ya kijani, ikazunguka, ikatoa karatasi moja. Ilikuwa jalada la mwalimu wa Bondo, jeupe kama mawingu. Akanishikia mbele ya macho.

"Tazama pembe. Zimekaa sawa ama hazijakaa?"

"Zimekaa."

"Maandishi yamepinda?"

"Hayajapinda."

"Basi?"

"Sura haionekani, mzee! Watu wanaenda kuzikwa bila sura!"

"Rangi yote hiyo kwa mtu mmoja," akasema, na kweli alionekana kushangaa. "Wanaikunja. Wanajipepea nayo. Mvua ikinyesha wanaikalia kwenye matope. Mimi nilizikwa bila karatasi hata moja, na nilizikika."

Akarudi akaketi, akanyoosha suruali magotini.

"Nani alikuzika?" nikamuuliza.

"Watu wa kazini. Sikuwa nimeoa. Wa nyumbani walichelewa kupata habari." Alisema bila kusikitika, kama mtu anayekueleza njia.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikajua nina swali moja tu, na kwamba nisipoliuliza sasa sitapata mwingine wa kumuuliza.

"Mume wangu pia anaitwa Ouma. Alikuja huko mwezi wa sita. Mrefu kidogo, ana pengo hapa mbele. Umemwona?"

Akafikiria. Nakuambia alifikiria kweli, hakunidharau.

"Mama, huko Ouma ni wengi."

"Anapenda mpira. Anabishana."

"Wanaobishana pia ni wengi."

Hapo ndipo nilipomfokea. Nilimwambia mambo ambayo sitayarudia. Nilimwambia miezi yote hiyo nimekuwa nikimuaga mume wangu jioni, nikimwambia habari za watoto, nikimwambia Achieng amepita mtihani, nikimwomba msamaha kwa yule kuku niliyemchinja bila kumuuliza, na kumbe ni yeye anasikia tu, anasikia tu! Kwa nini hakusema yeye ni mtu mwingine?

Aliinamisha kichwa. "Nilifikiri ni desturi ya hapa dukani," akasema. "Nilifikiri ni heshima tu. Pale ofisini kwetu hakuna aliyekuwa ananiaga."

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Niambie. Nilitaka kumfukuza na nikaona sina mahali pa kumfukuzia. Nikaketi upande wa pili wa benchi, nimechoka kama niliyetoka shambani. Nikamwambia, sawa, mzee, nikupe basi programu yako. Nitakuandikia, nitaweka rangi, utakuwa nayo. Akatikisa kichwa.

"Nani ataisoma? Mimi nataka kazi."

"Unaokoa wino."

"Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa."

Nikafikiria zile karatasi za mitihani za shule za msingi, ambazo walimu wanataka nyeusi, pande mbili, na kila mara wanasema usipoteze wino. Nikamwambia, "Nitakuandika tena. Lakini programu hutagusa. Wewe utakuwa wa mitihani na barua. Sura za watu uniachie."

"Mitihani ni kazi ya heshima," akasema.

Hapo mlango ukagongwa. Njoroge, analalamika nje kwamba ameloa mpaka soksi. Nikatoa komeo, nikainua bati, mwanga ukaingia. Niligeuka. Benchi lilikuwa tupu. Karatasi ya mwalimu ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Ouma."

Uso wake ukabadilika. "Pole sana, mama."

"Si Ouma wangu. Ni mwingine."

Hiyo haikusaidia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayehitaji kupelekwa kwa dada yake akapumzike. Lakini stima iliporudi alikaa akafanya kazi. Akaweka ya tatu, PROGRAMU, rangi kamili. Nikamwambia aongeze ya nne, aiite OUMA, nyeusi, pande mbili, iokoe wino.

"Si tumeifuta leo?"

"Iweke, Njoroge."

Akaiweka. Na ile PROGRAMU ikamtoa mwalimu wa Bondo mweusi, mwenye kung'aa, hadi mzee alipokuja jioni alishika jalada kwa mikono miwili na ile sauti yake ya sokoni ikakatika. "Sasa huyu ndiye ndugu yangu," akasema, na akageukia ukuta kidogo. Sikufunga duka. Wateja walivuka kurudi, si wote, lakini wa kutosha.

Jumapili nilienda upande wa Sondu kumweleza mama mkwe. Nilifikiri atalia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nyathina, mwanangu wee," akaniambia, "jina halitupwi hivyo. Aliyekufa ndiye huja kuomba. Anakuja ndotoni, anasema anataka mtoto fulani aitwe jina lake, na mnampa. Nyinyi mmeweka kiti kando ya barabara, halafu mnashangaa aliyekalia ni nani. Ouma ni kila mtoto aliyezaliwa ametazama chini. Wamezaliwa wangapi kando ya hili ziwa? Shukuru alikuja karani. Angekuja mchawi?"

"Nimfute, mama?"

"Umfute aende wapi? Ukishampa mtu jina, umempa. Kaa naye." Kisha akafuta macho na kanga, na akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Na mwanangu akija, wewe usihangaike. Ataanzia kwangu."

Nilimwachia hilo. Ni mama yake.

Ndiyo maisha yangu mpaka leo. Mitihani ya shule zetu inatoka OUMA, pembe zimekaa sawa, karatasi hazikwami kamwe. Nikisahau kumsalimu asubuhi, ukurasa wa kwanza unatoka hauonekani kabisa, narudia. Nikiwa na homa nikamtuma Achieng afungue duka, lazima nimkumbushe, msalimie mzee kwanza, naye ananitazama vile Njoroge alivyonitazama. Nimechoka naye na nimemzoea. Simwambii tena mambo ya nyumbani.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma, hasa kama umefiwa na moyo wako bado uko mlangoni unasikiliza. Ukinunua printa, simu, pikipiki, chochote kinachotaka jina, kiite jina la mtaa wako. Kiite jina la mboga. Usikiite jina la mtu wako kwa sababu unamkumbuka. Kumkumbuka hakumleti yeye. Kunaleta aliyesikia kwanza, na huyo ukishamkaribisha utamtunza, utamsalimu, na bado nyumbani utalala peke yako.

Mwisho wa mambo yaliyotokea ni wiki iliyopita. Njoroge alinipigia simu asubuhi, sijafungua duka bado.

"Mama, usikasirike. Jana nimemwota mzee."

"Mzee gani?" Nilikuwa nimeshajifunza kuuliza.

"Ouma wetu. Baba Achieng. Alikuja kwangu, tukakaa, tukakula samaki."

Nilikuwa nimesimama na sufuria ya chai mkononi. Niliiweka chini.

"Alikuja kwako?"

"Hata mimi nimeshangaa, mama. Mimi si wa kwenu."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliomba chumvi."

"Chumvi."

"Eh. Nikampa."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Mama, kwa ndoto mtu huangalia nguo?"

"Alionekana aje, Njoroge? Alikuwa mgonjwa? Alikuwa amekonda?"

"Hapana. Alikuwa sawa kabisa. Alikula yote, akalamba vidole, akacheka na ile pengo yake."

Chumvi. Mama yake anamngoja Sondu, mimi namngoja Manyatta, na yeye anaenda kula samaki kwa fundi wa kompyuta. Nikakata simu kwa hasira, sikusema hata kwaheri. Nikasimama pale jikoni mpaka chai ikapoa.

Kisha nikampigia tena, nikamwambia anisimulie kuanzia mwanzo, na asiruke kitu.